Mwanafunzi wa elimu ya awali, kabla hujatengeneza hojaji nenda kakae na watoto kwanza

Wengi wetu tukifika mwaka wa mwisho wa ualimu wa chekechea, hapa Uganda tunasema ECD tu, tukiambiwa sasa ni wakati wa risachi kitu cha kwanza ni kutafuta hojaji ya mtu aliyemaliza mwaka jana, unabadilisha jina la wilaya, unapeleka kwa fotokopi, unawagawia maticha wa nasari wajaze, umemaliza. Na kichwa ni kile kile, mchango wa michezo katika maendeleo ya mtoto. Alafu ukisoma kitabu chote cha risachi mpaka chapta ya tano hukuti mtoto hata mmoja anayecheza, unakuta asilimia za maticha waliokubali na waliokubali sana. Mimi hilo linaniuma kweli, kwa sababu sisi ndo watu tunaokaa na watoto wa miaka mitatu mpaka sita kuliko mtafiti yeyote, na hatuandiki tunachokiona.

Utafiti wangu niliufanya nasari moja ya Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, watoto wa middle klasi, yaani darasa la katikati la nasari, nikiangalia wanahesabu vipi wakiachwa wacheze wenyewe. Mpaka leo wanafunzi wanaokuja kwangu nawaambia neno moja, jifunze kuangalia. Mambo ya SPSS, ile programu ya kompyuta ya takwimu, na majedwali utafundishwa na mtu mchana mmoja, lakini kuangalia mtoto na kuandika alichofanya inachukua muda na hakuna wa kukufanyia.

Anza na swali lenyewe. Likiwa na neno kama maendeleo au ubora ndani yake, jiulize, nikisimama mlangoni pale darasani nitaona kitu gani kinachojibu swali hili? Maendeleo huyaoni. Unachoona ni nani anaanzisha mchezo na nani anaachwa pembeni, ticha anajibu nini mtoto akiuliza, watoto wawili wakigombania mpira mmoja inaishaje, mtoto mgeni asiyejua lugha ya wenzake anaingiaje kwenye mchezo. Hayo ni maswali ya utafiti kabisa. Ni madogo ndiyo, na supavaiza mwingine atakwambia mbona dogo hivi, mwonyeshe kwamba unaweza kulijibu lote kwa muda ulionao na kwa nauli uliyonayo. Ile Learning Framework ya 2005 ya NCDC, kituo cha taifa cha kutunga mitaala, ya watoto wa miaka 3 mpaka 6 isome mapema, mle ndani kuna mambo ambayo mtoto anategemewa kuyafanya na mengi unaweza kuyatafuta kwa macho, inakusaidia kubana swali.

Mtu akikwambia kuangalia tu sio utafiti, mweleze habari ya Mary Ainsworth, mwanasaikolojia wa watoto. Huyu mama alikuja Kampala mwaka 1954, mume wake alikuwa amepata kazi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii pale chuo kikuu cha Makerere, naye akaingia vijiji vya Baganda vya karibu na mji, familia 26, akawa anawatembelea nyumbani kila baada ya wiki mbili hivi kwa miezi, ana mkalimani, anakaa sebuleni anaangalia mama na mtoto mchanga. Mtoto analia lini, anamfuata nani, akitambaa kwenda mbali anageuka kumtazama nani. Pale ndo alipoona kwamba mama ni kama ngome ya mtoto, anatoka anachungulia dunia alafu anarudi, na kazi aliyofanya baadaye kule Baltimore, Marekani, inayosomwa vyuo vingi duniani, ilitokana na yale aliyoyaona hapa. Kitabu chake cha Uganda kilitoka 1967. Yani tunakariri jina lake kwa mtihani na hatuambiwi vizuri kwamba ni kwetu, kwenye nyumba za kina bibi zetu.

Sasa kuandika. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo kazi yenyewe. Wanafunzi wakirudi kutoka shuleni naona wameandika hivi, mtoto ni mvivu, hapendi kushirikiana na wengine. Hiyo ni hukumu, sio data, na mtu mwingine akisoma hawezi kujua uliona nini. Linganisha na hii, mfano wa maelezo yanayofaa, watoto wamepewa namba badala ya majina: Saa tatu na dakika kumi. Mtoto wa 4 amekaa ukingoni mwa mkeka, ana vifuniko vya soda vitano. Anavipanga mstari, anagusa kimoja kimoja, midomo inacheza lakini sauti haitoki. Mtoto wa 7 anakuja anasema nipe, Mtoto wa 4 anavifunika na mkono. Mtoto wa 7 anakaa pembeni yake. Baada ya kama dakika mbili Mtoto wa 4 anamsukumia vifuniko viwili. Umeona? Huyu ndo yule mvivu asiyeshirikiana. Amehesabu, amekataa, amefikiria, amegawa. Ukiandika hukumu hayo yote yamepotea na hutayapata tena hata urudi shule ile mara ngapi.

Kwa hiyo daftari ligawe kurasa mbili, kushoto unachokiona na kukisikia, kulia unachokifikiria, usichanganye. Andika saa. Andika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, akichanganya Kilugbara na Kiswahili na Kiingereza andika hivyo hivyo. Kama darasa lina watoto wengi, na nasari zetu nyingi zinajaa, usijaribu kuona wote kwa pamoja, chagua wachache uwafuate, kila dakika tano tazama mmoja andika anafanya nini wakati huo, nenda kwa mwingine. Na siku za kwanza usikusanye kitu, kaa tu, kunywa nao uji, waache wakuzoee waache kukuita ticha mgeni na kukushika nywele, kwa sababu wakiwa wanakushangaa wewe unaangalia mshangao wao tu.

Kuwauliza watoto maswali ni kazi nyingine ngumu. Mtoto mdogo akiulizwa na mtu mzima anatafuta jibu la kumfurahisha mtu mzima, na ukirudia swali anadhani la kwanza alikosea, anabadilisha. Kuna jaribio lililofanywa Scotland na McGarrigle na Donaldson miaka ya 1970 ambalo mimi naona kila mwanafunzi wa ECD alijue. Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alikuwa anapanga mistari miwili ya vitu sawa sawa, mtoto anasema ndiyo viko sawa, alafu mtu mzima anatawanya mstari mmoja uwe mrefu anauliza tena, na watoto wengi wa umri wa nasari wanasema ule mrefu ndo una vingi. Hawa wawili wakaleta mdoli wa kuchezea, dubu mtundu, yeye ndo akaja akavuruga mstari kama utundu tu, wakauliza swali lile lile, watoto wengi zaidi wakajibu sawa. Watoto wale wale! Kilichobadilika ni nani amevuruga. Kwa hiyo kabla hujaandika kwamba watoto wa nasari fulani hawajui kitu, chunguza umewauliza vipi na wamekuelewa vipi. Uliza wakiwa wanacheza, tumia mdoli wa majani ya ndizi, tumia michoro yao wakuelezee, na uliza kwa lugha wanayoongea nyumbani.

Ruhusa sasa. Barua ya chuo, mwalimu mkuu, na ukienda majumbani pitia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, usiingie kijiji cha watu kimya kimya. Kamati ya maadili ya chuo uliza mapema maana majibu yanaweza kuchukua wiki nyingi. Mzazi lazima akubali mwenyewe, kwa sheria yetu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na ile sheria ya kulinda taarifa za watu ya 2019 kwa kawaida inataka ruhusa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchukua taarifa za mtoto, kwa hiyo picha za simu za watoto wakiwa na sare za shule ukaziweka kwenye status ya WhatsApp, hapana ndugu yangu, hapana kabisa. Kuna wazazi hawasomi Kiingereza na fomu imeandikwa Kiingereza, mweleze kwa mdomo mpaka aulize maswali, asiyeuliza chochote mara nyingi hajaelewa. Na mtoto naye, hata kama mama amesaini, siku hiyo akigeuka akakupa mgongo ujue amekataa. Mwache.

Kalenda nayo iangalie. Tuna term tatu, na mwisho wa term ya tatu nasari ziko kwenye mazoezi ya graduation ya top klasi, darasa la mwisho la nasari, watoto wanaimba nyimbo zile zile asubuhi mpaka saa sita, hakuna mchezo wa kuangalia. Mimi napendelea katikati ya term ya kwanza au ya pili.

Kwa supavaiza sina mengi, ukitoka ofisini kwake mtumie ujumbe mfupi, mwalimu leo tumekubaliana hivi na hivi, ili wote mkumbuke. Kusoma kazi za wengine pia, Google Scholar na ERIC, hifadhi ya mtandaoni ya tafiti za elimu, zina vitu vya bure, shusha usiku kama bando ni rahisi, na chapta ya mbinu usiiruke hata kama imekuchosha, hapo ndo unajifunza wenzako waliangaliaje.

Ukishamaliza kukusanya soma daftari lote kuanzia mwanzo kabla ya kuhesabu chochote. Kwangu mimi kilichojitokeza sikukitegemea, watoto waliokuwa kimya ticha akiwasimamisha mbele ya ubao wahesabu, kwenye mchezo wa duka walikuwa wanauza nyanya za udongo na kurudisha chenji ya vifuniko, wengine mpaka kumi na zaidi. Hilo lilitoka kwenye kurasa za kushoto, hakuna ticha ambaye angeniambia kwenye hojaji kwa sababu saa ya mchezo wa duka maticha huwa wanasahihisha madaftari.

Na matokeo yarudishe kule ulikoyatoa. Chuo kitabaki na kitabu chake, wewe andika ukurasa mmoja, lugha nyepesi, bila jina la mtoto yeyote, kaa na maticha saa ya chai uwaelezee ulichokiona darasani kwao na uwaache wakubishie, wanawajua watoto hao kuliko wewe. Wazazi waliosaini waambiwe pia, siku ya mkutano wa wazazi omba mwalimu mkuu akupe dakika kumi.