Dada, bila uzoefu bado unaweza tumwa inje

Dada yangu, uliuliza kama mwanamuke asiye na uzoefu anaweza tumwa kuripoti vita ya inchi ingine. Angalia Clare Hollingworth wa Uingereza. Mwaka 1939 alikuwa na miaka 27, ku gazeti Daily Telegraph hata wiki moja alikuwa hajamaliza, na walimutuma Poland. Lakini usidanganyike hakukuwa mutu wa bure, mbele ya pale alishafanya kazi na wakimbizi ule upande, watu alikuwa anawajua.

Kufika Katowice, muji wa Poland karibu na Ujerumani, anaomba konsoli wa Uingereza amukopeshe motoka, anavuka nayo mupaka kuingia Ujerumani, eti kununua divai na matochi, sawa vile sisi wa Goma tunavuka mupaka wa Petite Barrière kuenda Gisenyi, Rwanda, na kitenge mukononi. Sasa kurudia, ku bonde kando ya barabara walikuwa wamefunga maturubai makubwa, upepo ikayainua kidogo, njo akaona vifaru vya Hitler vimepangwa mingi kabisa. Ile habari ilitoka tarehe 29 Agosti, siku chache tu mbele Vita ya Pili ya Dunia ianze.

Na tarehe 1 Septemba vita inaanza, anapiga simu ambasadi ya Uingereza ku Warsaw, hawamuamini, ye anatosha telefone ku dirisha wasikie wenyewe mizinga haha. Alikufa Hong Kong 2017 na miaka 105.

Kwa hiyo diplome ni muzuri, lakini weye anza kujua watu wa mupaka kwanza, na luga zao.