Maswali na majibu: Dawa ya Kichina na saratani ya mitoki

Safari hii maswali karibu yote yamegusa jambo moja: saratani ya mitoki, ile inayoanzia kwenye tezi za limfu, hasa za shingoni, kwapani au kinenani, na jinsi tiba ya jadi ya Kichina inavyoishughulikia. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo. Baba mdogo amegundulika na saratani ya mitoki aina ya Hodgkin. Kuna mtu anatuambia Wachina hawatumii kemo, wanatibu kwa mizizi tu. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Si kweli. Beijing, Shanghai au Guangzhou, mgonjwa wa Hodgkin anaanza na dripu za kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, kama anavyoanza mgonjwa wa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, na pengine anaongezewa mionzi. Tabibu wa jadi yupo, mara nyingine katika hospitali hiyohiyo, maana serikali ya China imezilea tiba zote mbili kwa miaka mingi. Vyuo vyake vikubwa vya kwanza vya tiba ya jadi vilifunguliwa mwaka 1956. Lakini kazi ya tabibu huyo kwa mgonjwa kama huyu ni kumshikilia asiishie njiani: ale, alale, kichefuchefu kipungue, amalize mizunguko yake ya kemo.

Hodgkin ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa vizuri. Penye vipimo na dawa kamili, zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 wanakuwa hai miaka 5 baada ya kugundulika. Baba mdogo asiache kemo "ajaribu mizizi kwanza". Huyo anayewashauri aulizwe ana matokeo gani yanayofikia hapo.

Tabibu wa Kichina akiona uvimbe wa shingo anauelezaje? Nasikia wanataja balghamu. (Msomaji, Mombasa)

Wanaitaja sana. Kwa maelezo yao, hasira na huzuni ya muda mrefu hufunga mwendo wa qi, yaani nguvu ya uhai inayozunguka mwilini. Wengu ukidhoofika, majimaji hayasafiri, yanaganda na kuwa balghamu. Balghamu ikikutana na damu iliyotuama, panaota uvimbe. Kwa hiyo tiba ina pande mbili: kuyeyusha kilichoganda, na kuinua nguvu ya mwili ili upambane wenyewe.

Kuupima ugonjwa nako kuna namna yake. Tabibu anatazama rangi ya ulimi na utando wake, anaweka vidole vitatu kwenye mshipa wa kila mkono, kisha anauliza habari za usingizi, jasho la usiku, choo na kiu. Ndiyo maana wagonjwa wawili wenye majibu yaleyale ya maabara wanaweza kutoka kwake na dawa tofauti kabisa.

Mimi naona mpangilio huo una akili yake, ila una shimo moja kubwa. Vitabu vya kale vya China havikuijua saratani ya mitoki kama tunavyoijua. Thomas Hodgkin aliandika habari za ugonjwa unaobeba jina lake huko London mwaka 1832. Vitabu hivyo viliita *luoli* vinundu vinavyojipanga shingoni kama shanga, na *shirong* uvimbe mgumu usiosogea huku mgonjwa akinyauka. Luoli nyingi zilikuwa kifua kikuu cha tezi. Bila hadubini, kifua kikuu, saratani na usaha wa jino vingeweza kuangukia jina moja. Basi mtu akikwambia dawa fulani imeponya uvimbe wa shingo tangu enzi za wafalme, muulize uvimbe upi. Hata kwetu wapo wanaokunywa dawa za TB kwa miezi kabla mtu hajaamua kukata kipande cha tezi na kukipeleka maabara. Mtoki usiopungua wiki kadhaa ukatwe, upimwe.

Dawa zenyewe ni zipi, na zinaandaliwaje? (Msomaji, Kisumu)

Mchanganyiko unaotajwa sana ni *xiao luo wan*, uliomo katika kitabu cha tiba cha mwaka 1732. Una vitu vitatu tu: mzizi wa *xuan shen*, kitunguu cha ua la *bei mu*, na magamba ya chaza. Siku hizi tabibu huongeza *xia ku cao*, kichwa cha ua kinachokauka katikati ya kiangazi, na mzizi wa *huangqi* kwa ajili ya kutia nguvu.

Pishi lake linataka subira. Chungu kiwe cha udongo, si sufuria ya chuma wala ya alumini. Mizizi inalowekwa kwenye maji baridi kama nusu saa, magamba ya chaza yanatangulia kuchemka kwa kuwa ni magumu, ndipo mengine yanafuata. Vinachemshwa mara mbili, maji yote yanachanganywa na kunywewa vuguvugu asubuhi na jioni. Ni chungu haswa. Hospitali nyingi za China sasa hutoa unga wa paketi wa kukoroga kwenye maji ya moto.

Sisi huku Paje tunalima mwani. Wachina nao wanautumia kwa uvimbe. Tuutumie wetu? (Msomaji, Unguja)

Hapana, bibi. Wao hutumia mwani wa kahawia wenye iodini nyingi, na uvimbe unaosaidiwa na iodini ni goita ya upungufu wa iodini, si saratani. Mwani mnaolima Paje ni wa jamii nyingine, na soko lake ni viwanda vinavyotengeneza uteute wa kugandishia vyakula.

Jirani yangu alikunywa vidonge vya Kichina, mitoki ikanywea ndani ya wiki. Mnasema nini hapo? (Msomaji, Dodoma)

Namwamini kwamba ilinywea. Ziko aina za saratani hii ambazo tezi huvimba na kupungua zenyewe, kisha zikarudi. La pili linanitisha zaidi: vidonge vinavyouzwa kama mitishamba vimewahi kukutwa, katika nchi mbalimbali, vimechanganywa kwa siri na steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe, kama prednisolone au dexamethasone. Steroidi huua kwa haraka baadhi ya chembe za saratani ya mitoki, na prednisolone imo hata ndani ya kemo yenyewe. Ikitumika peke yake, uvimbe unashuka, familia inasherehekea, kisha unarudi. Mbaya zaidi, kipande kikikatwa wakati huo maabara inaweza isione kitu. Jirani apeleke kopo la vidonge hospitali.

Hakuna hata dawa moja ya Kichina iliyothibitika kwa saratani? (Msomaji, Kampala)

Ipo, tena kali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Zhang Tingdong na wenzake wa Harbin walifuatilia dawa ya kienyeji yenye aseniki, zebaki na sumu ya chura. Waligundua kuwa kinachofanya kazi ni aseniki, wakaitenga, wakaipima, wakaitumia kwa sindano. Marekani iliiidhinisha mwaka 2000. Lakini inatibu aina moja ya saratani ya damu, si ya mitoki. Kwa mitoki hakuna mchanganyiko wa mitishamba uliothibitika kuiponya. Tafiti zilizopo nyingi ni ndogo na zinahusu kupunguza makali ya kemo.

Hata hivyo mmea umo ndani ya kemo ya mitoki. Vincristine, mojawapo ya dawa za kemo, ilitokana na ua la vinka la Madagaska (Catharanthus roseus), lilelile linalopandwa kwenye bustani zetu. Msichemshe majani yake nyumbani, ni sumu.

Mama yuko kwenye kemo. Anywe mitishamba na kuchomwa zile sindano nyembamba za Kichina (akupancha)? (Msomaji, Muscat)

Mitishamba asinywe kimyakimya. Mingine hugombana na kemo kwenye ini, na mimea yenye asidi ya aristoloki imeua figo za watu. Ubelgiji walishuhudia hilo miaka ya 1990 kwa wanawake waliotumia dawa za kupunguza unene. Apige picha kila paketi amwonyeshe daktari wake.

Sindano zina ushahidi bora zaidi, hasa kwa kichefuchefu cha kemo, kwenye nukta iliyo ndani ya kifundo cha mkono, upana wa vidole vitatu kutoka kwenye mkunjo. Kabla ya kuchomwa, daktari aangalie kipimo cha damu: chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikiwa chini atavuja damu, chembe nyeupe zikiwa chini atapata maambukizi. Sindano ziwe mpya, zifunguliwe mbele yake, na asichomwe kwenye mkono au mguu uliojaa maji.