Kichokoo cha kufuli: wacha hanga, tafuta waipa

Ndugu, pole sana kwa msiba. Umesema ufunguo wa sanduku la bati la marehemu mama ulipotea wakati wa matanga, na hutaki kufuli likatwe kwa sababu alilinunua yeye mwenyewe. Waya wa hanga umeshajaribu mara tatu na kila mara umepindia ndani. Sasa unauliza kama pini ya nywele itafaa zaidi. Jambo hili limenihangaisha tangu 2014, kwa hivyo nitakujibu kwa kirefu.

Waya wa hanga hautakufungulia, hata uukunje namna gani. Ni chuma laini: ukiupinda, unabaki vivyo hivyo. Kichokoo, yaani kijichuma chembamba cha kuinulia pini za ndani ya kufuli bila ufunguo, kinataka chuma chenye springi, ambacho ukikipinda kidogo na kukiachilia kinarudi palepale. Pini ya nywele ina springi hiyo, na ukitoa kile kiplastiki cha nchani inaweza kukusaidia siku moja ya shida. Lakini ni nyembamba na huchoka haraka. Kuna vyuma vizuri zaidi vinavyotupwa kila siku.

Mimi ni fundi wa baiskeli hapa Kisumu, upande wa Kibuye. Nilianza kutengeneza vichokoo kwa sababu ya mzee mmoja muuza samaki wa Dunga. Alikuja akiwa amebeba baiskeli begani, gurudumu la nyuma limefungwa kwa mnyororo na kufuli, ufunguo umeangukia ziwani. Nilichokuwa nacho karibu ni spoki. Spoki ni waya wa milimita 2 hivi, mnene mno kwa tundu la ufunguo, basi nikaona niipashe moto kwenye jiko la makaa hadi iwe nyekundu, niiponde iwe bapa. Ilipondeka vizuri. Nikaiingiza, nikasukuma, ikalala kama uzi na kukwama kwenye pini ya pili. Mzee alikaa kwenye stuli yangu hadi saa kumi na mbili jioni, samaki wake kwenye kikapu wakiharibika, ndipo tukakata mnyororo. Sikumtoza kitu, lakini ile sura yake ilinikaa moyoni. Kosa langu lilikuwa moto. Chuma cha springi kikipashwa hadi kiwe chekundu kisha kikaachwa kipoe taratibu, ugumu wake wote unaondoka.

Kabla ya kukata chuma chochote, elewa unachokwenda kugusa. Ndani ya kufuli la kawaida kuna silinda ndogo inayozunguka, na juu yake vishimo vinne au vitano kwa mstari. Kila kishimo kina pini mbili, moja juu ya nyingine, na springi inayozikandamiza. Ufunguo sahihi huinua kila jozi mpaka mwanya kati ya pini ya chini na ya juu uwe sawasawa na ukingo wa silinda, na hapo silinda inazunguka. Ni fikra ya zamani sana, Wamisri wa kale walikuwa nayo kwa mbao; Mmarekani Linus Yale Mdogo ndiye aliyeifanya iwe ya ufunguo bapa katika miaka ya 1860. Vile vishimo havitobolewi kwa unyoofu kamili. Ukizungusha silinda kidogo, pini moja hubanwa kabla ya zingine. Ukiinua hiyo iliyobanwa, inafika mahali pake, inalia tik, na silinda inasogea unywele mmoja. Kisha inabanwa nyingine. Kazi yote ya kichokoo ni hiyo.

Sasa chuma. Nenda kwa fundi wa magari yeyote, mwombe waipa kuukuu, zile za kufutia mvua kwenye kioo cha gari, za mtindo wa zamani zenye fremu. Ukivuta mpira utakuta tepe mbili nyembamba za chuma cha pua zinazoushikilia. Hapa Kisumu huwa wananipa bure. Tepe hizo hazishiki kutu haraka, zina springi nzuri, na upana wake karibu unatosha tundu la ufunguo bila kukatwa sana. Moja inatoa kichokoo na kikazio (kipande cha kuzungushia silinda), nyingine unaweka akiba.

Blade ya hakso nayo inafaa, unene wake ni kama milimita 0.6. Tumia ile inayokunjika, yenye ugumu kwenye meno tu, kwa sababu ile ngumu yote huvunjika kama kioo. Lakini blade inataka grainda, na grainda inataka subira. Weka mkebe wa maji pembeni, gusa jiwe sekunde mbili tatu, chovya, rudia. Tazama rangi: chuma kikianza kuwa cha manjano kama nyasi kavu, umekawia kuchovya, kikifika bluu, umeshapoteza sehemu ya ugumu wake. Mimi nakishika mkononi bila glavu, na kikianza kunichoma vidole najua ni wakati wa maji.

Kwa tepe ya waipa huhitaji mashine. Kata kipande cha sentimita 10 hivi, kibane kwenye jiliwa au kati ya mbao mbili, chora umbo kwa kalamu ya wino mzito, kisha tumia tupa ndogo. Unataka mkono mwembamba wa kama sentimita 3 na nchani mdomo mdogo ulioinuka kidogo, mviringo, kama ncha ya kijiko ukiitazama kwa ubavu. Usifanye ndoano kali, itang'ang'ania pini na hutaweza kuitoa. Ukimaliza na tupa, chukua msasa laini, uutie maji, na usugue kwa urefu wa chuma, kamwe usisugue kwa kukatisha. Mikwaruzo ya kukatisha hunasa pini, na chuma huanzia kuvunjika hapo. Pitisha ukucha: ukikwama popote, bado. Kwa kufuli dogo kama la sanduku lako, unene wa tepe unaweza kubana tunduni, kwa hivyo punguza na ubavu pia.

Kikazio ndicho watu wanachokidharau, na ndicho kinachoamua. Ni kile kipande cha pili, kilichokunjwa kama herufi L, kinachoingia pembeni ya tundu na kuzungusha silinda wakati kichokoo kinafanya kazi. Kunja tepe kwa koleo polepole, mara moja tu, kwani ukikunja na kukunjua inakatika. Kisha kisukume kwa uzito wa kidole kimoja, kama unavyobonyeza simu. Karibu kila mtu niliyemfundisha alikuwa anakaza mno mpaka pini zote zinabanwa pamoja. Zikibanwa zote, achia kabisa, anza upya.

Jizoeze kwanza kwa kufuli lako jingine lenye ufunguo, lisilofunga kitu, maana chuma kikivunjikia ndani ya lile la mama hutajisamehe. Na vifaa hivi vibaki nyumbani. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamgusa mtu anayekutwa nje ya makao yake na kifaa cha wizi au cha kuvunjia nyumba, na kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo chenyewe kinahesabiwa kuwa ushahidi dhidi yake. Kukitia mfukoni ukipanda boda usiku ni kujitafutia matatizo ya bure. Mimi nikiitwa kwa mtu, naenda mchana, na siligusi kufuli mpaka jirani mmoja anihakikishie ni lake.

Jambo moja la mwisho kuhusu sanduku lako. Kufuli lililokaa miaka bila kufunguliwa, hasa huku kwetu kwenye unyevu wa ziwa, pini zake hukwama kwa vumbi na kutu. Kwaruza ncha ya penseli kwa wembe, pulizia unga wake ndani ya tundu, gongagonga kufuli taratibu kwa mpini wa bisibisi, liache usiku kucha. Asubuhi ingiza kichokoo bila kikazio na uinue pini moja moja. Kila moja ikipanda na kurudi yenyewe, hapo shika kikazio uanze. Silinda ikizunguka, usiiachie: endelea kuisukuma taratibu mpaka upinde wa kufuli uruke.