Tangazo la jeshi limetoka? Ngoja kwanza nikwambie yalonipata

Kila tangazo la KDF, jeshi letu la Kenya, likitoka gazetini simu yangu haipumui. Mara binamu wa Changamwe, mara jirani wa mamangu Likoni, mara kijana hata simjui kapewa namba yangu maskani, na wote swali ni moja, "Kaka we ulishajaribu, nipe njia." Njia gani jamani? Mie nilijaribu mara mbili sikupita na baada ya hapo nikaliwa pesa, kwa hiyo naongea kama mtu alieumwa na nyoka, sio kama mwanajeshi.

Kwanza lile tangazo lisome lote. Wengi wanasoma skrinishoti ya WhatsApp iliokatwa nusu, wakiona miaka 18 hadi 26 basi washavaa raba. Matangazo niliyoyafuata mie ya makuruti wa kawaida yalikuwa yanataja kila kitu kwa namba, KCSE (mtihani wa kidato cha nne) kuanzia D, urefu mita 1.60, uzito kilo 54.55 mwanamume na 50 mwanamke, kitambulisho orijino, vyeti orijino, na hapo hapo wanakwambia uandikishaji ni bure. Hiyo ya bure ndo watu wanairuka, na ndo ilonigharimu zaidi.

Lakini nianze na orijino. Mara ya kwanza cheti changu kilikuwa kabatini kwa hedimasta, nadaiwa karo. Nikajipa moyo kwamba fotokopi yenye muhuri wa wakili itapita. Nimeamka saa tisa usiku, nimevuka feri na giza, nimesimama foleni mpaka jua linanichoma utosi, nafika meza ya kwanza kabisa, afande akaigeuza ile karatasi mara moja tu akanirudishia. "Orijino iko wapi?" Basi. Hata kukimbia sikukimbia. Kama cheti chako kimezuiwa shuleni nenda kaongee nao saa hizi, usingoje tangazo, maana likitoka siku zinayoyoma na hedimasta hapokei simu. Na angalia majina pia, sisi wapwani kila karani anatuandika anavotaka, kitambulisho Mohamed cheti Muhammad, utaelezea mpaka uchoke.

Mara ya pili nilienda na kila kitu. Uzito nilikuwa nao wa halali (jamaa mbele yangu alimeza ndizi na maji alfajiri ili mizani ipande, akavuka mizani, akatapika zote kwenye mbio). Nikakimbia vizuri tu, meno wakahesabu, kifua wakapima, nikaanza kujiona Eldoret, kwa sababu makuruti wote hufunzwa huko, awe wa nchi kavu, wa anga ama wa majini. Vijana wa Likoni mnaodhani kuzaliwa karibu na kambi ya wanamaji ya Mtongwe ni tikiti ya Navy, pole zenu.

Halafu daktari akaniambia vua viatu, kanyaga hapa. Sakafu ilikuwa na vumbi na nyayo zangu zilikuwa na jasho, alama ikatoka nzima, kisigino hadi vidole, bila ule upinde wa ndani. Akaiangalia, akaniangalia, "Nyayo bapa. Next." Miaka ishirini na mbili natembea na miguu hii na sikuwahi kujua! Kwa hiyo wewe jipime nyumbani bure, lowesha mguu, kanyaga simiti, tazama.

Natoka uwanjani viatu mkononi, getini kuna mzee mmoja kavaa shati safi, kanisoma usoni. "Kijana, hilo la miguu linapangwa." Laki moja na nusu, elfu sitini mwanzo. Mamangu akauza bangili zake mbili za dhahabu, alizotunzwa siku ya harusi yake. Wiki mbili baadae nikaletewa barua ya kuitwa, nembo ipo, muhuri upo, nikapanda basi usiku mpaka Eldoret na sanduku la chuma. Pale getini mwanajeshi hakuisoma hata mpaka chini, akamuita mwenzake, "Huyu wa tano leo." Wakaniuliza nani kanipa, nikawapa namba ya mzee, ishazimwa. Wangeweza kunipeleka polisi, wengine hupelekwa, mie nikaambiwa tu nirudi kwetu. Barua ya kweli aliepita anapewa pale pale uwanjani, siku ile ile, mbele ya watu. Haiji baadae na mzee wa shati safi.

Tangazo pia lina yale haliyasemi. Halisemi Somalia, na wanajeshi wetu walivuka mpaka kuingia huko Oktoba 2011, na Januari 2016 kambi ya El Adde ikavamiwa, maiti zikarudi. Simkatazi mtu, ila ongea na mamako kabla, asije akajifunza kwenye redio.

Na sasa kuna haya matangazo mengine, ya Urusi. Mpwa wangu kanitumia moja wiki iliopita, ulinzi na udereva, dola kibao, tikiti na viza juu yao. Neno jeshi halimo kabisa. Nikamuuliza, wamekwambia urefu? Uzito? Gredi? Hapana, wanataka pasipoti tu. Sasa kazi gani nono hivo haikupimi chochote? Septemba 2025 polisi walikuta vijana zaidi ya 20 huko Athi River wakisubiri kusafirishwa, na Novemba Mudavadi, waziri aliekuwa akishika mambo ya nje, akasema Wakenya zaidi ya 200 huenda wako kwenye jeshi la Urusi, wengine waliondoka wakijua wanaenda kibarua, wakasaini mkataba wa Kirusi hawajui umeandikwa nini. Ajenti wa kazi za nje lazima awe kasajiliwa na NEA, mamlaka ya ajira ya taifa, orodha iko kwenye tovuti yao, nikamwambia mpwa atafute jina la ajenti wake. Akatafuta mbele yangu. Halipo.

Namba ya huyo ajenti bado hajaifuta, nimeiona. Ila jana nimempata uani kamwaga maji, anakanyaga simiti mguu mmoja mmoja. "Mjomba njoo uone." Wake una upinde.