Maswali ya Wasomaji: Karata za Dhahabu Kutoka Mlango Mmoja

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sanaa hapa Mwanza. Mwezi uliopita, katika soko la mitumba la Mlango Mmoja, nilinunua sanduku lenye nakala za karata za kale za Ulaya ziitwazo taroti. Mna mafungu matatu: la kwanza lina picha zenye dhahabu nyuma yake, zisizo na namba wala maandishi; la pili lina mistari mizito myeusi iliyojazwa nyekundu, buluu na njano; la tatu linaonekana la karibuni zaidi, nalo lina picha za watu hata kwenye karata ndogo. Katika fungu la dhahabu, karata kadhaa, mojawapo ikiwa ya Shetani, zinaonekana kuchorwa na mkono mwingine. Mama mkwe wangu, ninayeishi naye Nyakato, ameiona hiyo ya Shetani na anataka sanduku lote lichomwe kwa kuwa ni vifaa vya uganga. Je, ni kweli? Nami nianzie wapi kuzitazama?

JIBU: Mwalimu, tunakusalimu, na utufikishie salamu kwa mama. Hofu yake ina sababu, ila sababu hiyo ni changa sana kuliko karata zenyewe. Taroti ilianza kaskazini mwa Italia kabla ya katikati ya karne ya 15, nayo ilikuwa mchezo: karata 56 za alama nne tofauti, ndizo karata ndogo, na juu yake karata 22 za picha ambazo kazi yake ilikuwa kuzila nyingine. Ni mwaka 1781 ndipo mwandishi mmoja wa Paris, Antoine Court de Gébelin, alipochapisha dai kwamba picha hizo ni mabaki ya kitabu cha hekima cha Misri ya kale. Wakati huo hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kusoma maandishi ya Misri ya kale. Msomi Mfaransa Champollion alifumbua siri yake mwaka 1822. Hata hivyo dai lilipendeza, wapiga ramli wa Paris wakalidaka, na sifa hiyo haijazitoka karata hadi leo.

Ushauri wetu ni kwamba uanze na maneno kabla ya picha, kwa maana sisi Waswahili tumehifadhi katika vinywa vyetu jambo ambalo wengine hulitafuta maktabani. Nenda Mwaloni Kirumba, pale watu wanapocheza karata wakisubiri mizigo ya dagaa, usikilize majina: kopa, uru, shupaza, pau. Yote yametoka kwa Wareno, na kwa lugha yao maana zake ni vikombe, dhahabu, panga na marungu. Sasa fungua fungu lako la dhahabu uhesabu alama za karata ndogo: utakuta vikombe, sarafu za dhahabu, panga na marungu. Kwenye karata tunazouziwa madukani alama zilibadilika zamani zikawa moyo na nyinginezo za Kifaransa, lakini majina yetu hayakubadilika. Turufu nalo ni neno la ukoo huohuo, kwani karata zile 22 Waitalia waliziita trionfi, yaani maandamano ya ushindi, ambamo kila kundi linalopita hulifunika lililotangulia. Aliyewahi kuona wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu wakishindana kwenye tamasha la Wasukuma la Bulabo kule Bujora hatahitaji maelezo zaidi.

Tukirudi nyuma zaidi, alama hizo nne zilifika Ulaya katika karne ya 14 kutoka kwa Wamamluki, yaani watawala wa Misri wa wakati ule, ambao marungu kwao yalikuwa fimbo za mchezo wa polo. Katika karata zao, chini ya mfalme alikaa naibu wa mfalme, na ndiyo maana sheria ya mji wa Florence, Italia, ya mwaka 1377 iliyozuia mchezo huo iliuita naibbe. Ni neno hilohilo tunalolitumia kwa Naibu Waziri.

Kuhusu picha zenyewe, maelezo yako yanaelekea kwenye karata za Visconti-Sforza, zilizotengenezwa Milan takriban mwaka 1450 kwa ajili ya mtawala wa mji huo, Francesco Sforza, na mkewe Bianca Maria Visconti, na ambazo wataalamu wengi huzihusisha na mchoraji Bonifacio Bembo. Dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba mno ilibandikwa, kisha ikagongwagongwa kwa chombo chenye ncha ili nakshi zimetemete mshumaa unaposogezwa. Nakala yako haiwezi kufanya hivyo, na hilo ni hasara kubwa kuliko watu wanavyokiri. Shika lenzi na utaona vitone vya mashine badala ya nakshi.

Fungu la pili bila shaka ni la mtindo wa Marseille, mji wa Ufaransa, kama lile la mtengenezaji karata Nicolas Conver la mwaka 1760, lililochongwa kwenye mbao, likachapwa, kisha likapakwa rangi kupitia vibao vilivyotobolewa. Usiione rangi iliyovuka mstari kuwa kasoro. Hiyo ni kasi ya karakana. Weka mzee mwenye fimbo wa fungu hili kando ya mwenzake wa dhahabu: wa kale ameshika kioo cha mchanga cha kupimia muda, wa baadaye ameshika taa. Somo zima la sanaa limo humo.

La tatu, ikiwa pembeni mwa picha pana saini ya herufi zilizosokotana, ni kazi ya mchoraji Pamela Colman Smith, iliyotolewa London mwaka 1909, nalo lilikusudiwa ramli tangu mwanzo. Hapo mama ana haki kiasi.

Mkono mwingine uliouona kwenye dhahabu ni wa aina mbili. Karata sita, zikiwamo Jua, Mwezi na Nyota, zilichorwa na msanii mwingine baadaye, nazo ni za kale kweli. Lakini kati ya karata 78 zimesalia 74, ambazo leo zimegawanywa kati ya New York na Bergamo, Italia; nne hazimo: Mnara, panga tatu, mpanda farasi wa sarafu, na Shetani. Wachapishaji huziba mapengo hayo kwa michoro mipya, hivyo karata iliyomtisha mama ni ya msanii wa zama zetu.