Maji Yanaporudi Yalikotoka

Rujewa, Mbarali

Mwanangu,

Marahaba. Huku sote wazima, ila mama yako analalamika kwamba simu zako zimekuwa adimu.

Umeniambia unatafsiri makala ya Kiingereza kuhusu mto Ruaha Mkuu, na mwandishi ameyaita maji ya kiangazi ya Ihefu, ardhioevu ambayo mto huo hupitia, "refluent". Unauliza neno hilo lina maana gani, na kama amelitumia sawasawa.

Husemwa juu ya maji yanayorudi yalikotoka. Asili yake ni Kilatini: "re" ni kurudi, "fluere" ni kutiririka. Mkazo uweke mwanzoni kabisa, usiuache usogee mbele kama ulimi wetu unavyotaka. Hutalisikia mtaani London. Waliolipenda ni washairi wa zamani, na mara nyingi walikuwa wakisimulia bahari inayokupwa, jambo ambalo wewe mkazi wa Dar unalijua kuliko mimi. Ndugu yake "reflux" ndiye anayefanya kazi kila siku, hospitalini: asidi ya tumbo inapopanda kwenye umio, ndicho kile kiungulia chako cha maharage ya usiku.

Mto unaolistahili upo Kambodia, unaitwa Tonle Sap. Msimu wa mvua Mekong hufurika hadi ikausukuma mto huo urudi nyuma, ukajaze ziwa lake. Mvua zikikoma, maji hugeuka tena na kuishukia Mekong. Kila mwaka hivyo hivyo. Watu hutaja pia mto wa Chicago, ambao mwaka 1900 ulichimbiwa mfereji na kugeuzwa ili majitaka yasiingie Ziwa Michigan, walikochota maji ya kunywa. Ule mimi nisingeuita hivyo. Ulibadilishiwa njia, basi.

Sasa Ihefu. Maji yake hutokea Ng'iriama, palipo na mwamba uliokaa kama kizingiti. Yakipungua hadi chini ya usawa wa mwamba ule hayatoki tena, na mto unakauka huko mbele. Tangu 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Hayo maji hayajarudi popote. Mengine tumeshayachepusha juu huku kuingiza kwenye mpunga (na mimi nimo, sikatai), mengine jua limeyachukua. Kwa hiyo mwandishi wako amechagua neno kwa uzuri wa sauti yake.

Ukitaka kuyaona yanayorudi kweli, njoo siku mtu wa chini anapoziba mfereji kwa viroba vya udongo. Mabua yaliyokuwa yakishuka husimama, yakazunguka kidogo pamoja na povu, halafu yanaanza kupanda kuelekea kwako. Hapo ndipo kelele za majirani huanza, maana jaruba la juu linafurika na la chini halina kitu.

Katika tafsiri, "maji yaliyopungua" yanatosha. Lakini usimsahihishe mwandishi kimyakimya. Makala ni yake. Muulize kwanza alikuwa na maana gani, na akibisha, mwambie habari za mwamba wa Ng'iriama.

Baba yako