Chanjo ya homa ya uti wa mgongo: hesabu zifanywe kabla ya mlipuko

Katika wilaya yenye watu 30,000 hadi 100,000, wagonjwa 3 wanaoshukiwa kwa kila watu 100,000 katika wiki moja ni dalili ya tahadhari. Wakifika 10, huo ni mlipuko, na chanjo inatakiwa iwe imewafikia watu ndani ya wiki nne. Ndani ya wiki hizo nne sampuli za wagonjwa zipimwe, chanjo iagizwe na kusafirishwa, wachanjaji wafunzwe. Ukianza kupanga siku kiwango kinapovukwa, umechelewa.

Sampuli ndiyo inayoamua chanjo gani iagizwe. MenAfriVac, iliyoanza kutumika kwa umati nchini Burkina Faso Desemba 2010, hukinga dhidi ya kundi A pekee la meninjokoki, bakteria wanaoleta milipuko hii. Huko Banalia, mkoani Tshopo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mlipuko uliotangazwa Septemba 2021 ulikuwa wa kundi W, na watu walikuwa wakifa wiki nyingi kabla ya maabara kuthibitisha. Waliokufa ni zaidi ya 200. Chanjo mpya ya Men5CV, ambayo Nigeria ilitangulia kuitumia Aprili 2024, hukinga A, C, W, X na Y. Hata hiyo haizuii homa ya uti wa mgongo inayoletwa na nyumokoki, bakteria wa aina nyingine. Kwa hiyo toa maji ya uti wa mgongo kabla ya antibayotiki ikiwezekana, lakini usicheleweshe tiba kwa sababu hiyo. Na sampuli ya kuoteshwa usiitie kwenye friji, maana meninjokoki hufa kwa baridi.

Sasa hesabu. Chukua mji wa watu 60,000. Wenye umri wa mwaka 1 hadi 29 katika ukanda wa Afrika unaokumbwa na milipuko hii ni kama asilimia 70, yaani 42,000. Zidisha kwa 1.11 kufidia upotevu: dozi 46,620. Kwa chupa za dozi 10, ni chupa 4,662, na kila chupa na kiyeyushi chake (maji maalumu ya kuchanganyia chanjo ya unga) na bomba lake la sindano la kuchanganyia. Masanduku ya usalama ya lita 5 hubeba mabomba takriban 100. Ukijumlisha ya kuchanja na ya kuchanganyia, andaa masanduku yasiyopungua 513. Mchanjaji mmoja akichanja watu 200 kwa siku, siku 10 zinahitaji wachanjaji 21. Ongeza wa akiba, na kila mmoja awe na mwandishi na mtu wa kupanga foleni. Foleni ikivurugika, hata mchanjaji hodari hatafikisha idadi hiyo.

Kinachokwamisha kazi mara nyingi ni kiyeyushi. Chanjo hufika, kiyeyushi kimebaki bohari, na mtu hushawishika kutumia maji ya sindano yaliyopo kituoni. Kamwe usifanye hivyo. Tumia kilichotoka kwa mtengenezaji huyohuyo, kwa ajili ya chanjo hiyohiyo. Kipoze tangu siku iliyotangulia. Cha MenAfriVac kina alumini, hivyo kikiganda kimeharibika: vifuko vya barafu viache viyeyuke hadi maji yasikike ndani ukivitikisa, ndipo uvipange kwenye kibebea, yaani kisanduku cha kubebea chanjo. Ukishachanganya, andika saa kwenye chupa. Baada ya saa 6 itupwe, hata kama imebaki nusu. Dozi ni mililita 0.5, kwenye msuli.

MenAfriVac ina ruhusa ya kukaa nje ya baridi hadi nyuzi 40 kwa siku zisizozidi nne, kabla ya kuchanganywa. Kwa vijiji visivyo na barafu huo ni msaada mkubwa sana, mradi kadi ya kuonyesha joto iwe ndani ya kibebea na tarehe ya kutoka kwenye baridi iandikwe. Usiihamishie ruhusa hiyo kwenye chanjo nyingine kwa kukisia. Soma maelezo yake.

Vijana wa kiume wa miaka 15 hadi 29 ndio wanaokosekana zaidi. Hawaji kituoni mchana. Wafuate sokoni, machimboni na kwenye maegesho ya pikipiki, jioni.

Waambie watu wazi kwamba kinga huchukua wiki moja au zaidi kujengeka. Wagonjwa wapya wataendelea kuonekana katikati ya kampeni, na uvumi wa kwamba sindano ndiyo iliyowaua huanzia hapo. Mwenye homa kali na shingo iliyokakamaa apelekwe kituoni siku hiyohiyo, hata kama jana alichanjwa, na antibayotiki ya seftriaksoni iwepo.